Spika Niliyoitengeneza Bila Kuuliza

Neema, anayeendesha studio yetu siku hizi, ameniomba niwaandikie nyie mnaobaki kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kazi. Alisema niandike mafanikio. Nimekaa na neno hilo siku tatu nikaona halinisaidii. Mshahara wangu mnaujua kwa sababu mnaupata huohuo, na cheo nilichopewa mwishoni kilikuja na ufunguo wa choo cha wageni, basi. Kwa hiyo nitaandika habari za sauti, waya na watu, na kwa kirefu nitaandika habari za spika moja, maana ndiyo iliyonifanya nisistaafu mwezi niliotakiwa kustaafu.

Jina langu ni Anastazia, ila aliyeniita hivyo maisha yangu yote ni padri peke yake. Kwa wengine nimekuwa Stazia, kisha Dada Stazia, na sasa Mama Stazia. Wazazi wangu walitoka Masasi wakajenga Temeke. Nilisomea ufundi wa umeme kwa sababu ya redio ya baba, iliyokuwa ikikata kila inapofika taarifa ya habari. Niliitengeneza nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba akasikiliza habari mpaka mwisho kwa mara ya kwanza, halafu akasema ilikuwa afadhali ilivyokuwa ikikata.

Siku yangu ya kwanza kwa Mzee Kondo, hapa Kinondoni, nilikuja na cheti kwenye bahasha na viatu vipya vilivyonibana. Mzee Kondo alikuwa Mzaramo wa hapahapa mjini, mtu mfupi, mpole, aliyehudumia mitambo ya redio miaka mingi kabla ya kufungua studio yake nyuma ya nyumba ya dada yake. Bahasha hakuigusa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Giza unaliogopa?"

Nikasema siliogopi. Akaniingiza kwenye chumba cha kurekodia, akanipa daftari na kalamu, akaniambia niandike kila nitakachokisikia, kisha akazima taa na kufunga mlango. Alinifungulia baada ya saa nzima. Nilikuwa nimeandika vitu vinne, tena mistari imepandana. Yeye, bila hata kuingia mle ndani, akanitajia kumi na saba: friji ya duka la soda nyuma ya ukuta, mjusi darini, maji kwenye bomba, saa yangu ya mkononi, viatu vyangu vipya. Akasema hivyo vyote vitaingia kwenye kanda kabla muziki haujaingia, na nikishavijua ndipo tutaanza kazi. Kwa wiki mbili nilikaa gizani kila asubuhi. Nyumbani mama alidhani nimeajiriwa kulala.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na mngevicheka. Pamba na spiriti za kusafishia mashine ya kanda. Wembe wa kukatia kanda, na gundi ya utepe ya kuiungia. Kifaa cha kuchomelea waya kilichokuwa na mpini wa mti wa mpera, kwa kuwa mpini wake wa asili ulishaungua. Kwenye kuta tulibandika trei za mayai tulizoomba kwa wauza chipsi, na kwa miezi kadhaa chumba kilinuka banda la kuku. Trei zilituliza mwangwi lakini hazikuzuia sauti za nje, na jirani alikuwa na jogoo. Jogoo huyo anasikika kwenye kanda tatu za mwaka wangu wa kwanza. Kwenye ya nne hasikiki, kwa sababu Mzee Kondo alimnunua na tukamla na pilau.

Mezani kulikuwa na mita yenye mshale. Mshale ukicheza upande mweupe, sauti ni safi. Ukiingia upande mwekundu, sauti inaanza kukwaruza. Kazi yangu ya kwanza yenye heshima ilikuwa kuutazama mshale huo usiguse nyekundu, na niliifanya kwa ukali ambao hata mimi sasa unanishangaza. Waimbaji walikuwa wakiniogopa kuliko wanavyomwogopa mwenye nyumba. Baada ya miaka michache watu walisema kanda ikitoka kwa Stazia huwa safi kama shuka ya hospitali, na mimi nililibeba jina hilo mpaka likaanza kunibeba lenyewe.

Mzee Kondo alikuwa na desturi mbili. Moja mnaijua, kwa kuwa mafundi wengi wa mji huu wanayo: ukimbadilishia mtu kifaa, kile kibovu unamrudishia mkononi, hata kama kimeungua hakitambuliki, asije akasema umemwibia. Yeye aliongeza karatasi. Kila kifaa kilichotolewa kilifungwa uzi na karatasi yenye jina la mwenyewe na ugonjwa wake, kikangojea msumarini mpaka mwenyewe aje. Desturi ya pili ilinichelewesha kuielewa. Kabla ya kushika bisibisi alikuwa akimuuliza mwenye chombo, "Unataka kiseme nini?" Mimi nilidhani ni maneno ya kumchangamsha mteja.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Kulikuwa na kwaya ya watu arobaini kutoka Mbagala kwenye chumba cha watu kumi na wawili, na mwimbaji wao wa sauti nzito hakuweza kuimba bila kupiga mguu chini. Tulimvua viatu, tukamsimamisha juu ya godoro, akaendelea kupiga mguu kwa furaha bila kumsumbua mtu. Kulikuwa na bibi wa taarabu aliyekataa kuimba bila udi, na mimi nikakesha nikisafisha moshi kwenye mashine. Hizo nilizishinda, na kila niliyoishinda iliniongezea kiburi. Nalisema hili waziwazi kwa sababu ndilo lililonipeleka kwenye kosa.

Bendi iliitwa Mabati. Walikuwa vijana wanne kutoka Wazo, watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, na jina walilipata kwenye banda la mabati walilofanyia mazoezi. Hawakupiga dansi wala taarabu, na bongo fleva, iliyokuwa ndiyo kwanza inachipua, hawakuitaka. Wenyewe walisema wanapiga roki, lakini ilikuwa roki ya kwao, ya Kiswahili, yenye ngoma nzito na maneno ya watu wanaotoka kazini. Redioni hawakujua wawaweke kipindi gani, kwa hiyo waliwaweka saa nane mchana, kwenye kipindi kilichopokea kila kisichokuwa na kwao. Mwimbaji alikuwa Joakimu, kijana mrefu mwenye maneno mengi. Mpiga gitaa alikuwa Hamisi Pazi, ambaye maneno yake yote yalikuwa kwenye gitaa, na ndiye aliyetunga wimbo waliokuja kuurekodi siku ile, "Baba Yuko Kazini".

Mzee Kondo alikuwa kwao akiuguza mguu, kwa hiyo studio ilikuwa mikononi mwangu. Bendi ilikuwa na siku moja tu, na siku zile za mgao umeme wetu ulikuwa unakatwa saa kumi na mbili jioni. Asubuhi tulipanga ngoma na vipaza sauti. Hamisi alipowasha amplifaya yake, gitaa likatoa mkoromo uliofanya meno yaniume. Nikamwangalia Joakimu, na Joakimu akaangalia dari. Saa saba wakaenda kula kwa mama ntilie, na mimi nikabaki na ile amplifaya.

Niliifungua nyuma. Karatasi ya spika, ile inayotikisika ikitoa sauti, ilikuwa imechanika sehemu tatu, mistari mirefu iliyonyooka. Nilimhurumia kweli. Nikasema moyoni, maskini kijana wa watu, ametoka Wazo na chombo kilichochanika na hana la kufanya. Stoo tulikuwa na spika nzima ya saizi ileile. Nikafungua skrubu nne, nikachomelea waya mbili, nikaifunga. Ile mbovu nikaifunga uzi na karatasi, nikaandika: "Hamisi. Imechanika. Imebadilishwa." Muda wote nilikuwa nikipiga mluzi. Nilidhani nimetoa zawadi.

Waliporudi, Hamisi alichomeka gitaa na kupiga mara moja. Sauti ikatoka safi, tamu. Akasimama. Akapiga tena. Halafu akazunguka nyuma ya amplifaya na kuchungulia.

"Nani kagusa hapa?"

"Mie," nikasema. "Spika yako ilikuwa imechanika. Nimekuwekea nzima, hulipi kitu."

"Nirudishie yangu."

"Si hiyo hapo, na karatasi yake. Nenda nayo nyumbani."

"Sista, nirudishie humu ndani."

Hapo ndipo ningeweza kuuliza kwa nini. Lilikuwa swali la neno moja. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba mimi nina jina langu, na katika studio hii haitatoka kanda inayokoroma. Joakimu akasema, "Braza, muda huo unakwenda, umeme utakatwa. Piga tu, mbona iko poa?" Hamisi akatuangalia wote wawili. Akapiga. Alipiga vizuri, kila noti mahali pake, na mshale wangu haukugusa nyekundu hata mara moja. Saa kumi na mbili kasoro alifunga gitaa akatoka bila kuaga, na spika yake ikabaki msumarini.

Mzee Kondo aliporudi nilimsimulia nikijisifu. Alisikiliza kanda mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwamba ni safi, kisha akaenda pale msumarini. Akaipitishia kidole ile mistari mitatu.

"Hii imekatwa kwa wembe," akasema. "Mtu katulia, kakata. Ulimuuliza?"

Hakulirudia swali lake mpaka alipofariki, na mimi sikuacha kulisikia.

Mnajua kilichofuata, kwa kuwa mmekua na wimbo huo. "Baba Yuko Kazini" ulipigwa redio zote. Ulipigwa kwenye salamu za wafanyakazi, kwenye maharusi, kwenye kuagana maofisini. Kwangu mimi umepigwa mara mbili kwenye hafla ya kustaafu, maana ya kwanza ilifanyika kabla sijaondoka. Hamisi aliondoka kwenye bendi kabla wimbo haujamaliza mwezi redioni. Joakimu akachukua mpiga gitaa mwingine, wakatoa nyimbo nyingine nzuri, wakaja kutulia. Watu walisema Hamisi ana maringo. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa uongo wa aina fulani.

Nilijifunza kuuliza, lakini kwa wengine. Vijana wa kwanza wa singeli walipokuja kutoka Manzese, nilidhani mashine inakimbia. Mkono ulishafika kwenye kitufe. Nikaurudisha, nikauliza, "Wanangu, hii mbio ni makusudi?" Wakacheka sana. "Makusudi, mama. Tena ongeza." Nikaongeza. Kompyuta zilipokuja nilizinunia mwaka mzima, kisha nikagundua kuwa zinaruhusu kufuta kosa kwa kubonyeza mara moja, nikazinunia zaidi. Studio ilipata mmiliki mpya, trei za mayai zikatoka, sponji nzuri zikaingia. Mzee Kondo akatutoka. Spika ilihama nami kutoka msumari mmoja hadi mwingine.

Sasa nafika mwaka huu. Nilikuwa nimebakiza wiki tatu nistaafu Neema aliponiita mezani kwake.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba."

"Mabati wanataka kutoa mkusanyiko. Nyimbo kumi na mbili bora, zote zisafishwe upya, ziende mtandaoni na kwenye sidii. Joakimu kashaweka saini. Ila kuna ishu. 'Baba Yuko Kazini' mtunzi ni Hamisi Pazi, na Hamisi nimempigia simu, kakataa."

"Kasema nini?"

"Kasema toeni zenu kumi na moja."

Neema hakujua kwa nini niliketi. Mkusanyiko wa Mabati bila wimbo ule ni sahani ya wali ambayo haina wali. Bendi ya Joakimu ilikuwa imenyamaza miaka mingi na hii ndiyo ilikuwa nafasi yao ya kusikika tena. Lakini mimi nilikuwa nikiwaza jambo jingine. Nilikuwa nikiondoka kazini, na msumarini kulikuwa na kifaa cha mteja ambacho sijamrudishia mwenyewe.

Hamisi nilimkuta Kunduchi, karibu na soko la samaki, kwenye kibanda chake cha kutengeneza injini za boti. Alikuwa ameitumbukiza injini kwenye pipa la maji na anaisikiliza inavyonguruma, kichwa kimeinama upande. Ndevu zilikuwa nyeupe. Aliponiona aliizima.

"Sista Stazia," akasema. "Leo umekuja kutengeneza nini?"

Nilistahili. Nikamtolea spika kwenye mfuko, na karatasi yake imegeuka njano. Akaisoma kwa sauti. "Hamisi. Imechanika. Imebadilishwa." Akanitazama. "Haikuchanika. Niliichana."

"Najua. Nilijua wiki ileile. Sikuja kukwambia kwa sababu nilikuwa na kiburi, na baadaye kwa sababu nilikuwa na aibu. Nisamehe, braza. Sasa naomba nikuulize nilichotakiwa kukuuliza siku ile. Ulitaka iseme nini?"

Akakaa juu ya ndoo. Mwenye injini alikuja, akatuona, akaondoka.

"Unajua kinu cha saruji?" akasema. "Lile pipa kubwa la chuma, linazunguka, ndani mna mipira ya chuma inaponda mawe. Sie nyumba yetu ilikuwa pale Wazo, chini kidogo. Usiku tulikuwa tunakisikia kwenye kitanda. Kwenye godoro, kwenye mbavu. Nikiogopa, mama alikuwaga anasema, lala, baba yuko kazini. Kikizima, mama haamki kwenda popote, ila halali tena. Anakaa kitandani mpaka kiwashwe. Sasa mie nikatunga wimbo. Gitaa ndicho kinu. Nikaichana spika siku nne, naongeza mkato mmoja, nasikiliza, naongeza mwingine, mpaka ikawa yenyewe."

"Na mimi nikakizima."

"Ukakizima. Watu wanaupenda, najua. Hapa hapa wanauimba wakishusha samaki. Mie nikiusikia, nasikia baba kafukuzwa kazi yuko nyumbani." Akacheka kidogo, bila uchungu, na hapo nikaanza kupata matumaini. "Mzee mwenyewe nilimpelekea kanda. Akasikiliza, akasema wimbo mzuri, wimbo wa mtu aliye likizo. Mpaka leo akiusikia redioni anauita ule wimbo wa likizo."

"Bado yupo?"

"Yupo. Mama ndiye alitutoka. Mzee masikio yamechoka, ila sauti nzito anazipata."

Nikamwomba. Nilimwambia ule wa zamani siutetei wala siufuti, watu wameshaoa na kuzaa nao. Lakini tuurekodi tena na spika yake, mimi nikiwa mezani, na mzee wake akiwepo. Asipoupenda, bendi itoe kumi na moja na mimi nitamweleza Joakimu kwa nini. Hamisi akaizungusha spika mkononi akaitazama kwenye mwanga.

"Waya umekatika," akasema.

"Umekatika wenyewe, chumvi ya hewa. Niunganishe?"

"Unganisha."

"Vumbi?"

Alifikiri. "Vumbi futa. Michano usiguse."

Wiki tatu zikawa sita, na hafla yangu ya kuagwa ikafanyika bila mimi kuagwa, kwa kuwa keki ilishaagizwa. Kuitengeneza spika bila kuitengeneza ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Karatasi ya spika ilikuwa imekauka kama jani, na mkono wangu siku hizi unatetemeka kidogo. Niliunganisha ule waya mmoja kwa siku mbili, nimeshikilia pumzi. Nilipomaliza niliikata ile karatasi yenye jina kwenye uzi, na Hamisi akaomba apewe. Aliikunja akaiweka mfukoni.

Siku ya kurekodi Joakimu alifika wa kwanza na kitambi chake, wenzao wawili wa bendi wakafuata, na Hamisi akafika na baba yake. Joakimu na Hamisi hawakuwa wamesemeshana tangu siku ile ya spika. Joakimu alikuwa ameandaa hotuba, niliiona kwenye simu yake. Aliposimama mbele ya Hamisi hakuitoa.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe umenenepa. Toni ya wimbo unaifikia bado?"

"Tushushe moja."

"Tushushe mbili," akasema Hamisi, akaanza kulegeza nyuzi za gitaa.

Mzee Pazi alikuja na kanzu, kofia na fimbo. Tulimwandalia kiti kizuri huku kwetu nyuma ya kioo, akakikataa. Alisema kinu hakisikilizwi kupitia kioo. Tukampeleka chumba cha kurekodia, tukamkalisha hatua mbili kutoka kwenye amplifaya, na akaweka kiganja juu yake kama mtu anayempima mgonjwa homa. Mimi na Neema tukarudi mezani. Meza ile ya zamani yenye mita Neema ameitunza kwa sababu wateja wanapenda kupiga nayo picha, lakini ndiyo iliyotumika siku hiyo.

Hamisi akapiga. Mkoromo ukaja uleule, mpaka meno yakakumbuka. Safari hii niliusikiliza nikijua ni nini, na nilisikia pipa likizunguka. Mkono wangu wa kulia, uliozoea kazi miaka yote hii, ukaenda wenyewe kwenye kitufe kuupunguza. Nikaukalia. Neema aliniona nimekalia mkono wangu. Katikati ya wimbo Mzee Pazi akainua fimbo, na bendi ikanyamaza.

Hamisi aliweka gitaa mapajani.

"Hicho kinalia chuma kwa chuma," mzee akasema. "Mipira inagongana yenyewe. Kina njaa. Nani yuko zamu?"

Kwenye vipaza sauti nilimsikia Hamisi akivuta pumzi.

"Mie, baba."

"Sasa kipe mawe."

Nikabonyeza kitufe cha kuongea na chumba. "Hamisi, nina besi hapa sijaigusa. Niongeze?" Akatikisa kichwa kukubali. Nikaiongeza kidogo, nikauliza, akaonyesha juu. Nikaongeza tena. Sauti ikashuka tumboni, kioo kikaanza kutetemeka, na mshale ukalala kwenye nyekundu kabisa na kubaki hukohuko. Mtu angeniambia siku ya jogoo kwamba nitakaa nautazama mshale kwenye nyekundu huku nikilia kwa furaha, ningemwita mwongo.

Wakapiga kutoka mwanzo mpaka mwisho. Joakimu aliimba chini ya kinu, akipenya panapopenyeka, na sauti yake ya kizee iliufaa wimbo kuliko ile ya ujana. Mzee Pazi alifumba macho, kiganja hakikutoka kwenye amplifaya. Noti ya mwisho Hamisi aliiacha izunguke mpaka ikaisha yenyewe, na ilipokuwa inaishia mzee akasema, polepole, kama anaongea na mtu aliye karibu naye:

"Ehe. Hapo mama yenu analala."

Hamisi alikuwa ameinamisha uso juu ya gitaa na mabega yanatikisika, na Joakimu akaenda akamshika shingoni. Kwenye kompyuta mstari wa sauti ulikuwa bado unakwenda, na maneno ya mzee yalionekana pale mwishoni kama kilima kidogo. Neema akakizungushia alama. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta.

"Mama," akaniambia kwa sauti ya chini, "hapa mwisho nimkate mzee, au nimwache?"

"Mimi sijui," nikasema. "Umemuuliza Hamisi?"

Neema akakitoa kidole. Akabonyeza kitufe cha kuongea na chumba, akauliza.